Arobaini na Wawili Tulifunga kwa Ajili ya Inspekta Tobias

Jumamosi, tarehe 14 Julai 2007. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, mawingu yameshuka mpaka juu ya mabati ya mtaa wetu wa Satellite, Nairobi, na baridi kali kiasi kwamba hata jogoo wa jirani aliwika mara moja tu akanyamaza.

Kama hukupata gazeti la wiki iliyopita, nilipoanza kusimulia kisa hiki, aibu yangu kwa ufupi ni hii. Naitwa Waithera, majirani huniita Mama Jeremy. Nina miaka arobaini na nne. Mchana nashona sare za shule, jioni niko Kidato cha Tatu katika darasa la watu wazima kule Woodley. Kanisani kwetu mimi ndiye ninayeshika daftari la maombi. Ukiwa na mgonjwa unaniletea jina lake, nami Jumatano nalisoma ili watu wote waombe. Nimelishika daftari hilo miaka sita. Sina cheo kingine duniani.

Mwalimu wangu wa Kiswahili, Bwana Ogutu, aliposoma insha yangu ya mwisho aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mama, maiti watano katika ukurasa mmoja?" Lakini pia alinipa anwani ya kundi la watu wanaoandika hadithi za upelelezi na kutumiana barua pepe. Hawajawahi kuonana. Husomeana kazi, hutiana moyo. Nikajiunga. Nilikuwa na wiki tano tu humo.

Jumatatu iliyopita mmoja wao, Taib, aliandika hivi: "Ndugu zangu, Tobias amepigwa risasi mbili, moja ya bega na moja ya tumbo. Yuko hospitali kuu. Inspekta mzima, hana mke, hana mama. Sidhani kama atafika Jumapili. Nisaidieni."

Nililia palepale mbele ya kompyuta. Nikaandika jina lake katika daftari. Jumatano nikalisoma kwa sauti ya kutetemeka, na watu arobaini na wawili wakafunga siku tatu, bila chakula, wakimlilia Mungu amponye Inspekta Tobias.

Sasa asubuhi hii watu saba walikuwa wananingoja kanisani, wamevaa vizuri, wana uji kwenye thamosi, tayari kwenda kumtembelea mgonjwa. Kilichobaki ni mimi kujua yuko wodi gani.

Nilikuwa nimemwandikia Taib kumwuliza. Basi saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa Shiku, msichana mwenye saiba ya kompyuta nne hapo karibu na stendi.

"Mathe, sasa! Leo umeamka na kuku," Shiku akasema.

"Poa, mwanangu. Nifungulie haraka. Kuna mtu anakufa."

Akanifungulia. Jibu la Taib lilikuwa limefika. Nililisoma mara ya kwanza kwa haraka, mara ya pili kwa kidole.

"Dada Waithera, umeuliza swali zuri sana. Wodi bado sijaamua. Wewe unaonaje? Ghorofa ya juu au ya chini?"

Nitakwambia ukweli wote, ndiyo sababu naandika hapa. Hata hapo sikuelewa. Nilisema moyoni, maskini Inspekta, wamemlaza koridoni mpaka sasa, ndugu zake wanauliza watu wa mbali pa kumweka.

Chini ya barua ya Taib kulikuwa na ya Khamisa, mama mmoja mwalimu wa madrasa ambaye ndiye mwenye kundi. Yeye aliandika: "Mimi ningemweka chini, kitanda cha karibu na dirisha. Muuaji apate pa kuingilia."

"Shiku," nikaita. "Hebu kuja. Kuna watu wanapanga kumuua mgonjwa hospitalini. Tupige simu polisi."

Shiku akainama juu ya bega langu. Akasoma. Akashuka na barua za nyuma, za mwezi mzima, akisoma na kutafuna chingamu. Kisha chingamu ikasimama.

"Mathe. Huyu jamaa hayuko."

"Amekufa?"

"Zii. Hayuko! Ni wa hadithi. Huyu Taib ndiye anamwandika. Ona hapa, ona, 'Tobias, sura ya kumi na tisa.' Wote wanaongea hivyo. Huyu mwingine anasema binti yake ameiba benki. Kwani uliamini?"

Ndiyo hivyo, msomaji. Kundi hilo lina desturi, na hakuna aliyenieleza. Kila Jumatatu wote hutoa habari za watu wao, na hakuna anayesema "mhusika wangu". Wanasema Tobias ameumia, mjomba ameficha bunduki, mke wangu wa tatu amepotea. Husema kana kwamba ni watu wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimewajibu, "Tunafunga na kuomba," nao wakaniandikia, "Ahsante dada, una moyo wa hadithi." Nilidhani wananisifu imani.

Shiku alicheka mpaka akashika meza. Sikumlaumu. Niliinamisha kichwa juu ya kibodi nikaomba: Bwana, kama kuna namna ya kuzirai hadi mwezi ujao, mimi niko tayari.

Sikuzirai. Mungu hunisikia katika mambo mengine.

Nilienda kanisani kwa miguu, nikipanga maneno. Nitasema ukweli, nilijiambia. Nilipovuka barabara ya Naivasha nilikuwa na maneno matamu ya toba. Nilipofika mlangoni nilikuwa nayo bado. Kisha nikawaona. Mchungaji Kihara na tai yake ya mazishi. Mama Kanyiva, mwenye vidonda vya tumbo, ambaye daktari alimkataza kufunga hata nusu siku, na alifunga zote tatu. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Haya, Mama Jeremy," akasema. "Wodi gani? Uji utapoa."

Nikafungua mdomo.

"Amepata nafuu," nikasema. "Ametoka hospitali."

Sijui nani alisema. Mdomo ulikuwa wangu, sauti ilikuwa yangu.

Mama Kanyiva aliangusha kikapu. Alipiga kigelegele kilichowatoa watu wa kioski cha jirani nje. Wale saba wakaanza kuimba palepale uani, wanaruka kwenye matope, na mimi katikati yao nikipiga makofi. Ndiyo, nilipiga makofi. Andika hilo pia kwenye dhambi zangu.

Mchungaji Kihara akafuta macho. "Risasi mbili! Ya tumbo! Siku tano! Mama Jeremy, huyu mtu lazima kesho aje atoe ushuhuda."

"Bado ana udhaifu, Mchungaji."

"Tutamtafutia kiti."

"Ni mtu wa kazi ya siri."

"Si anajua njia ya kanisa? Kesho, ibada ya pili. Umlete."

Saa tatu asubuhi nilikuwa mjinga. Saa nne nilikuwa mwongo, tena mwongo mwenye muujiza. Ukweli ukijulikana, nani angeleta tena jina la mtoto wake mgonjwa katika daftari langu? Hilo ndilo lililonikata maini. Kuchekwa nimezoea, nimekaa darasa moja na vijana wanaoniita Shosh, yaani nyanya.

Nikarudi kwa Shiku. Nikaliandikia kundi kila kitu, bila kuficha hata kigelegele. Nilimaliza kwa kusema kwamba naomba radhi na najitoa.

Kabla sijafunga, jibu la kwanza likaingia. La pili. La tano. Jumamosi ile sijui nani alikuwa kazini mji huu.

"Kwanza, usitoroke," aliandika Khamisa. "Mwenye kutoroka ndiye wa kwanza kushukiwa."

"Dada, muue leo jioni," akasema mwingine. "Hali ilibadilika ghafla. Maiti haitoi ushuhuda."

"Usimwue!" akadakia wa tatu. "Kanisa litataka kuzika. Watakodi basi, waje na kwaya."

"Mpe uhamisho. Polisi huhamishwa kila siku. Mpeleke Turkana."

"Hao wamefunga siku tatu, watamfuata Turkana."

Kichwa kiliniuma, na bado nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Watu nisiowajua sura walikuwa wameacha shughuli zao kunitafutia mlango wa kutokea. Hakuna aliyeniita mjinga. Mmoja aliniuliza tu kama nimekula.

Taib peke yake hakuandika ushauri. Aliandika namba ya simu na maneno manne: "Njoo mjini. Biashara Street."

Taib ni karani katika duka la vitenge na leso. Nilitarajia mtu mrefu mwenye koti la mvua. Nikakuta mwanamume mfupi, kofia ya kitambaa kichwani, futi ya kupimia nguo shingoni kama mimi.

"Karibu, dada Waithera. Wewe ndiye uliyemfungia Tobias?"

"Ndimi. Nisamehe, ndugu yangu."

"Watu arobaini na wawili?"

"Na mmoja ana vidonda vya tumbo."

Akageuka akaanza kupanga majora ya vitambaa ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Alipanga kwa muda mrefu.

"Nimemwandika mtu huyu miaka minane," akasema akiwa bado amenipa mgongo. "Mke wangu hajasoma hata ukurasa. Hapa dukani wananiita Bwana Pingu. Kesho nilikuwa nimuue, bibie. Nimuue, nifunge kazi yote, niwe mtu wa leso tu kama wenzangu. Sasa naambiwa kuna mama huko Satellite amelala na njaa ili Tobias apone."

Nilisema, "Tena leo asubuhi alikuwa amembebea uji wa hospitali."

Akacheka, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Basi sikiliza. Kesho nakuja mimi. Nitasimama niseme mimi ndiye Inspekta Tobias. Umri wetu ni mmoja. Habari zake zote nazijua kuliko yeye mwenyewe."

Mungu anisamehe, nilifikiria.

"Utatembeaje?" nikamwuliza.

"Nitachechemea."

"Kwa risasi ya bega?"

"Ya tumbo basi. Nitajikunja hivi." Akajaribu. Alitoka nyuma ya kaunta amejikunja, mkono kwenye bega, akavuta mguu kati ya vitenge mpaka mlangoni na kurudi.

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua leso akasema, "Ya Rabi, Bwana Taib, umepatwa na nini?"

"Risasi, mama."

"Risasi!"

Tulicheka mpaka mteja akaondoka bila kununua. Tulipotulia nikasema, "Ndugu Taib, wewe ni Mwislamu mwenye swala zako. Utakuja kudanganya kanisani?"

"Na wewe ni Mkristo mwenye swala zako. Si umeshadanganya kanisani?"

Alilisema bila ubaya. Ndiyo maana liliingia. Nilitazama chini, kwenye viatu vyangu vyenye matope ya pale uani nilipopiga makofi.

"Basi nitasema ukweli," nikamwambia.

"Basi nitakuja tu nikae nyuma. Si vizuri mtu asomewe hukumu peke yake."

Jumapili, ibada ya pili, kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Habari ya Inspekta ilikuwa imefika mpaka mtaa wa jirani wa Riruta. Kulikuwa na watu wa makanisa mengine. Mtu mmoja alikuwa amekuja na kamera.

Na benchi la nyuma walikaa wageni watano. Taib na kofia yake. Mama mmoja amevaa buibui, mnene, mtulivu, ameshika mkoba magotini. Nikajua bila kuambiwa kwamba huyo ndiye Khamisa. Wawili vijana, na mzee mmoja mwenye miwani minene. Kundi lilikuwa limekuja. Walikuwa wanatazamana kwa kuibia, kwa maana na wao walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza.

"Sasa ni wakati wa ushuhuda," Mchungaji Kihara akasema. "Mama Jeremy, mgeni wetu yuko wapi?"

Macho yote yakaenda benchi la wageni, yakatua kwa Taib. Mtu akapiga kigelegele cha kuanzia.

Nikasimama mbele. Niliongea haraka, kama mtu anayebandua plasta. Nikasema Inspekta Tobias ni mtu wa hadithi. Nikasema sikujua. Nikasema nilipojua, nilidanganya, na wale saba walicheza kwenye matope kwa ajili ya uongo wangu.

Manyunyu yalisikika juu ya mabati.

Mama Kanyiva alisimama polepole, mkono tumboni. "Ngoja nielewe. Mimi nimefunga siku tatu na tumbo langu hili. Nilikuwa naombea mtu wa karatasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ati wa karatasi."

"Ndiyo, Mama."

Kijana mmoja wa kwaya alicheka kwa pua. Kisha benchi lote la vijana likavunjika mbavu. Kicheko kilizunguka kanisa zima, hata mwenye kamera. Nilidhani basi, imeisha, nimepona kwa kuchekwa.

Mchungaji Kihara hakucheka.

"Nipe hilo daftari," akasema.

Nikampa. Alilifungua, akapitisha kidole. "Kuna majina thelathini na moja hapa. Huyu ni mtoto wa nani? Huyu baba mgonjwa wa miguu? Nitajuaje ni yupi ana damu na ni yupi wa karatasi? Mama Jeremy, watu hawa walikuamini." Akalifunga. Hakunirudishia. "Tutatafuta mtu mwingine wa kulishika."

Hakuna aliyecheka tena. Nilijua anasema haki, na nilianza kurudi kwenye benchi langu.

"Samahani, Mchungaji." Khamisa alikuwa amesimama kule nyuma. "Mimi ni mgeni hapa, naomba dakika moja. Huyu dada aliamini kitu ambacho hakikuwako. Sisi tumefanya kibaya zaidi."

Mchungaji akamwashiria aendelee.

"Mwenzetu mmoja anaitwa Gichuru. Ni mzee, anaandika hadithi za wezi wa magari, hana nyingine. Jumatatu ya tarehe mbili mwezi huu, zamu yake ilipofika, aliandika hivi." Alitoa karatasi kwenye mkoba. "'Ninaandika kwa simu ya fundi aliyekuja kutengeneza mfereji. Mzee amelala chumbani mwake Riruta siku ya nne sasa. Miguu haisimami. Fundi akiondoka, hakuna mwingine anayebisha mlango.'"

Akakunja karatasi.

"Tulimsifu. Tulisema mwanzo mzuri. Mimi, Khamisa, nilimshauri aongeze kisu. Jana, baada ya kusoma kisa cha dada huyu, nimezirudia barua zote za Gichuru tangu mwaka juzi. Hakuna hadithi yoyote ya mzee. Haijawahi kuwako. Mzee huyo ni yeye mwenyewe. Na tangu siku hiyo hajaandika tena."

Barua ile niliijua. Nilikuwa nimeifungua kwa Shiku, nikaisoma mistari miwili, nikaipita. Wiki moja baadaye nililia machozi kwa risasi ya Tobias, na mtu wa kweli, jirani yangu, nilimruka kwa sababu hakuniliza.

"Mnajua anakaa plot gani, nyumba ya nani?" Mchungaji akauliza.

"Hatujui," Taib akajibu. "Tuna anwani yake ya barua pepe tu. Sura yake pia hatuijui."

"Riruta si ni hapa tu," Mama Kanyiva akasema.

Watu wakageuka kunitazama. Hakuna aliyenituma. Daftari lilikuwa mkononi mwa Mchungaji, na mimi sikuwa tena mtu wa kitu chochote pale. Miguu ndiyo iliyonirudisha mbele.

"Mbele ya Mungu," nikasema, "mbele yenu nyote na mbele ya hawa wageni wetu. Nikitoka hapa siendi nyumbani. Nitabisha kila mlango wa Riruta, plot kwa plot, mpaka nimpate Mzee Gichuru. Na Jumapili ijayo nitasimama hapa hapa, niwaambie kwamba nimeushika mkono wake, uwe wa moto au uwe wa baridi."